Nusu ya Robo ya Kidonge

Mtaani walimwita Bibi Kipimo, na jina lenyewe alilipenda. Miaka thelathini na moja alikaa nyuma ya dirisha la dawa la zahanati akihesabu vidonge kwa kisu cha plastiki, vitano vitano, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuzidisha wala kupunguza. Hilo ni kweli kabisa. Tumpe haki yake mapema, kwa sababu huko mbele hatutampa tena.

Ubaya wake ulikuwa ulimi. Mtu akija dirishani akasema amejipa dawa mwenyewe nyumbani, Bibi Kipimo aliweka kalamu chini, akavua miwani, akaanza. Hakusema na mgonjwa, alisema na foleni nzima. Foleni nayo ilicheka, maana mgonjwa aliyechoka kusubiri hufurahia aibu yoyote isiyo yake. Siku moja alifika mwashi mmoja kijana, amembeba mwanawe ana homa, akasema amempa nusu ya kidonge cha mtu mzima.

"Nusu uliipimaje?"

"Kwa macho tu, mama."

"Kwa macho! Mtoto wako ni tofali, unamkadiria kwa macho? Humo kichwani kuna ubongo au umejaza zege?"

Foleni ilivunjika mbavu. Mtoto alipona baada ya siku mbili, lakini jina lilimganda baba yake. Tangu siku hiyo yule mwashi anaitwa Zege, kazini na mtaani, na wako watoto wa shule wanaomwamkia "Shikamoo, Fundi Zege" kwa adabu zote bila kujua jina lilitoka wapi. Bibi Kipimo alijua. Kila alipolisikia, alicheka kidogo puani.

Sasa alikuwa amestaafu, na mgonjwa wake alikuwa mmoja tu, mumewe. Mzee huyo alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache na vidole vyepesi, mpaka kiharusi kilipompiga miaka miwili nyuma kikachukua upande wa kulia na ulimi. Akili kilimwachia nzima. Ukimtazama machoni unaona yumo humo ndani, anasikia kila kitu, anakasirika, anacheka, ila mlango umefungwa. Alizungumza kwa mkono wa kushoto. Kugonga goti, anataka choo. Kushika sikio, anataka redio. Ngumi tumboni, njaa. Kidole gumba kwenye ulimi, dawa. Ishara hizo alizijua mkewe peke yake, na wageni wakija yeye ndiye aliyewaeleza: mzee anasema karibuni, mzee anasema amechoka. Wakati mwingine mzee alikuwa hajasema kitu, lakini wageni walikuwa wamekaa mno.

Kulikuwa na mmoja tu ambaye hakuhitaji kutafsiriwa, naye ni Karani. Karani alikuwa paka dume wa rangi ya tangawizi, na jina alilipata zamani kwa kukaa juu ya meza ya saa akitazama kazi kama anayeandika nani kachelewa. Baada ya kiharusi aliihama meza, akawa analala juu ya mkono wa kulia wa mzee, ule uliokufa. Daktari alisema mkono huo hauhisi kitu tena. Mzee, kila paka alipolala hapo, alifumba macho na uso wake ukalegea. Sasa hapo nani tumwamini?

Jumamosi moja Karani alirudi kutoka kwenye ugomvi wake wa ukutani, anachechemea, mguu wa nyuma una jeraha la meno na umevimba. Alikataa chakula. Mzee alimwita mkewe kwa kugonga kiti chake cha magurudumu, akaonyesha mguu, akaonyesha mlango. Maana yake ilikuwa wazi, apelekwe kwa daktari wa wanyama.

"Daktari wa nini, mume wangu? Hii homa ya kidonda. Kuna mwenye kunifundisha homa mimi?"

Alimpima joto, akamweka kwenye mizani ya jikoni, kilo nne kasoro kidogo. Akachukua penseli, akapiga hesabu ileile aliyowapigia watoto wachanga maelfu, miligramu kadhaa kwa kila kilo. Jibu likaja nusu ya robo ya kidonge kimoja cha parasetamoli, ile nyeupe ya kawaida ambayo kila nyumba inayo kabatini. Akakikata kwa wembe, akakisaga kwa mgongo wa kijiko, akakikoroga kwenye mchuzi wa samaki.

"Kilo ni kilo," alisema. "Ya mtoto au ya paka, mizani haijui."

Na hapo ndipo alipokosea. Mtu asiyejua dawa angemwogopa paka mgonjwa, angeuliza. Yeye alikuwa na mizani, wembe na hesabu iliyo sahihi mpaka mwisho.

Alimpa kipimo cha kwanza Jumamosi jioni. Jumapili alfajiri paka alikuwa amelala ubavu, akampa cha pili. Saa tatu asubuhi uso wa Karani ulikuwa umevimba mashavu, mate yanamtoka, na ufizi umegeuka rangi ya matope. Homa inashindana, alisema Bibi Kipimo, akampa cha tatu. Mzee alipiga mkono wa kiti kwa kiganja, akapiga tena. Hakuwa na elimu yoyote ya dawa, lakini maisha yake yote alikuwa ametazama vitu vidogo vikienda na kusimama, na jambo hili halikuhitaji shule. Kila paka alipomeza unga ule, alizidiwa.

"Basi, basi, twende," mkewe akasema shingo upande, alipomwona paka anahema mdomo wazi. "Utakivunja hicho kiti."

Teksi iliwafikisha kwenye kliniki ya wanyama saa nne na dakika tano. Siku ya Jumapili palikuwa na daktari mmoja wa zamu, binti wa miaka isiyofika thelathini, aliyekuwa ametoka kumzalisha ng'ombe na bado amevaa mabuti yenye kinyesi. Chumba cha matibabu kilikuwa kimoja. Mbele yake palikuwa na ukumbi mwembamba wenye benchi la mbao, saa ya ukutani, na mabango. Ukikohoa benchini, daktari anakusikia mezani.

Na benchini alikuwa amekaa nani? Zege. Amemshika mbwa wake kwa kamba, mbwa mkubwa mwenye uso wa kujutia. Alikuwa amemeza sifongo la kupigia lipu, zima, kwa sababu lilikuwa limedondokewa na supu.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, mzee," Zege akasema, akasogea kuwapisha.

"Marahaba," Bibi Kipimo akajibu, macho juu.

Daktari alimpokea Karani palepale ukumbini, akamfunua ufizi, akakunja uso. Maswali yake yalitoka mbio mbio.

"Amekula nini?"

"Hajala tangu jana."

"Nyumbani mnaweka sumu ya panya?"

"Nyumbani kwangu hakuna panya, mwanangu."

"Amepewa dawa yoyote? Ya majani, ya dukani, ya binadamu?"

Zege aliinua kichwa. Wala hakuwa na nia mbaya, alisikia tu neno dawa kama mtu yeyote anavyosikia. Lakini Bibi Kipimo aliyaona macho yale, akaona foleni yote ya zamani imekaa nyuma yake, wote wale aliowavua nguo dirishani kwa miaka thelathini na moja, wamekunja mikono wanangoja zamu yao ya kucheka. Akasimama wima.

"Mimi? Mimi niliyekaa dirisha la dawa umri wako wote? Nimpe mnyama dawa bila daktari?"

"Kwa hiyo hajapewa," daktari akasema, akaandika.

Bibi Kipimo hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alijiambia kwamba hajadanganya, ameuliza tu swali.

Mzee alinyoosha mkono wa kushoto, akalishika koti la daktari. Daktari akageuka. Mzee akaweka kidole gumba kwenye ulimi, akakibonyeza, mara mbili, mara tatu.

"Mzee anasemaje?"

"Anasema ana kiu," akasema mkewe.

Wakaleta maji. Mzee aliisukuma glasi mpaka maji yakamwagika kwenye suruali yake, naye Bibi Kipimo akatoa leso, akampangusa taratibu, huku akimweleza daktari kwa sauti ya uvumilivu, "Tangu augue, hasira ziko karibu. Tumezoea."

Daktari alimbeba Karani ndani. Uso umevimba ghafla, paka wa kutoka nje, ukuta wenye majani. Akili yake ikaenda kwenye nyoka, na kwa maelezo aliyopewa hakuna ambaye angeenda kwingine. Akamchoma sindano ya uvimbe, akamwekea hewa puani, akaanza kupambana na nyoka ambaye hakuwapo.

Bibi Kipimo alikaa. Alivaa miwani apate kitu cha kutazama kisichokuwa Zege, na kitu hicho kilikuwa bango la ukutani lenye picha ya paka. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: VITU VINAVYOUA PAKA. Alisoma kwa mazoea, kama alivyosoma mabango yote ya afya maishani mwake, kutafuta kosa. Maua fulani. Sumu ya panya. Maji ya kupozea injini. Halafu mstari wa nne, parasetamoli, na chini yake: hata kiasi kidogo sana, mwone daktari mara moja, ipo tiba.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika ishirini.

Mpaka hapo alikuwa mtu aliyekosea na kuona haya. Watu wa hivyo tumejaa duniani na tunasameheana kila siku. Lakini sasa alikuwa amejua. Kutoka alipokaa mpaka mlango wa chumba cha matibabu palikuwa na hatua saba, na katikati yake miguu ya Zege. Alihitaji kusema maneno matatu tu kwa sauti ya chini. Aliyapanga mdomoni, akayaonja, akaona jinsi yatakavyosikika benchini. Akajiambia labda ni nyoka kweli. Akajiambia daktari amesoma, ataona mwenyewe. Akajiambia nitamwambia akitoka.

Daktari akatoka. "Nyoka gani huyu? Hata simwelewi. Rangi inazidi kuwa mbaya." Alimwona bibi amefungua mdomo. "Mama, ulitaka kusema kitu?"

Bibi Kipimo akavua miwani. "Hapana, mwanangu. Endelea tu."

Akaendelea. Mle ndani paka alikuwa anakohoa kikohozi chembamba, na kila kikisikika mzee alitingishika kitini. Alianza tena. Kidole gumba kwenye ulimi, halafu vidole viwili juu ya kichwa, masikio ya paka, halafu mlango. Ulimi, masikio, mlango. Mkewe aliukamata ule mkono hewani, akaushusha mapajani mwake, akaufunika kwa mikono yake yote miwili na kuubana. Mtu angewapiga picha wakati ule angesema, tazama wazee wanavyopendana. Na mzee alikuwa anavuta, jasho linamtoka kipajini, na yeye anabana, anatazama mbele.

Alibana hivyo muda mrefu. Mimi nimesimulia habari za watu wabaya wengi na huwa nawatafutia sababu. Huyu sababu yake naijua, na roho yangu bado inakataa.

"Bibi," Zege akasema hatimaye. "Samahani. Mzee hataki maji."

"Wewe unamjua mume wangu kuliko mimi?"

"Hapana. Ila sisi kazini mashine ya zege ikiwaka hakuna kusikilizana. Siku nzima tunaongea kwa mikono." Akauzungusha mkono wake duara, duara, kuonyesha mashine, na mzee akautazama ule mkono kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini. Zege akamfunga mbwa kwenye mguu wa benchi, akachuchumaa mbele ya mzee. "Mzee wangu. Unaonyesha ulimi, halafu paka. Paka kameza kitu?"

Mzee akatikisa kichwa ndiyo.

"Mfupa? Nyama mbovu?"

Hapana.

Zege akaweka kidole gumba chake mwenyewe, chenye mipasuko ya saruji, kwenye ulimi, kama alivyoona. Akafikiri. Akaiga mtu anayetupia kitu mdomoni na kunywa maji. "Kidonge?"

Mzee alifumba macho, akaitikia kwa kichwa mara nyingi, machozi yakamtoka upande mmoja wa uso, ule ulio hai.

"Kapewa na nani?"

Mzee hakumnyooshea mkewe kidole. Aliuvuta tu mkono wake kutoka mapajani mwa mkewe, na safari hii mikono ya bibi ilikuwa imelegea, ukatoka.

Saa ilikuwa tano kasoro dakika tano. Daktari aliitwa, akaja mlangoni na glavu mikononi.

"Dawa gani?"

"Ya homa," Bibi Kipimo akasema. Na hata wakati ule, Mungu amsaidie, akaongeza: "Nusu ya robo. Kwa uzito wake, nilipima."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Daktari hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. "Mama, mwili wa paka hauwezi kuivunja hiyo dawa. Damu inashindwa kubeba hewa. Hakuna kidogo chake wala kikubwa chake. Kwa paka dawa hiyo haina kipimo." Kisha akauliza swali ambalo benchi zima lilikuwa linauliza, "Nilikuuliza. Kwa nini hukusema?"

Tiba ilikuwapo, daktari akaendelea, poda ileile ya kulainisha makohozi ya watu, ila hapo kliniki iliisha juzi na maduka ya dawa ya karibu yamefungwa Jumapili.

"Ninayo," Bibi Kipimo akasema.

Alikuwa nayo. Boksi zima la pakiti, kwenye kabati lake, rafu ya pili, kwa ajili ya kifua cha mzee. Asubuhi ileile alimkorogea mumewe pakiti moja kwenye glasi, halafu kwa kijiko hichohicho akamsagia paka kipimo cha tatu. Sumu na tiba zilikaa meza moja, na mwenye dawa hakujua.

Zege alikwisha toa ufunguo wa pikipiki. "Panda, bibi. Shika kiuno, usione haya."

Walikwenda mbio, viatu vyake vya Jumapili vikining'inia, mkoba umemkaba shingo. Kwenda, kufungua mlango, kabati, rafu ya pili, kurudi. Waliporudi ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Daktari alikuwa kwenye sinki, ananawa mikono mpaka viwiko. Mzee alikuwa amekaa na Karani mapajani. Mkono wake wa kulia, ule uliokufa, alikuwa ameunyanyua kwa ule wa kushoto na kuuweka juu ya paka, kwa kuwa sasa paka hawezi kuja juu yake.

"Dakika kumi zilizopita," daktari akasema, hakugeuka.

Bibi Kipimo alisimama na boksi lake. Alitamani asipige hesabu, lakini kichwa chake hakikujua kazi nyingine. Tangu aliposoma bango mpaka daktari alipoitwa ilikuwa dakika thelathini na tano. Safari ya nyumbani, kwenda na kurudi, dakika ishirini na tano. Ukitoa, zinabaki kumi. Alitoa mara mbili kuhakikisha, na mara zote mbili zilibaki.

Alingoja Zege aseme. Alijua atasema nini, alikuwa amelitunga mwenyewe neno lile, na akakaza shingo kulipokea. Zege alimfungua mbwa wake, zamu yake sasa imefika, akapiga kofi dogo kwenye vumbi la suruali.

"Pole, bibi," akasema kwa upole. "Mtu hawezi kujua yote."

Miaka yote ya dirishani hakuna aliyewahi kumwonea huruma. Ilimchoma kuliko kicheko chochote.

*

Walimzika Karani nyuma ya nyumba, jirani alichimba. Jumatatu asubuhi Bibi Kipimo alileta dawa za mzee kama kawaida, kidonge cha shinikizo la damu, cha kuzuia damu kuganda, na glasi ya poda. Mzee alikiangalia kiganja cha mkewe chenye vidonge viwili, akafumba mdomo.

"Mume wangu, fungua."

Alifumba zaidi, midomo ikawa mstari. Mkewe alimbembeleza, akamgombeza, akamwahidi paka mwingine, na kwa hilo la mwisho mzee akageuza uso ukutani. Aliponda dawa akazificha kwenye uji. Mzee akaunusa, akaumwaga sakafuni. Tangu hapo alikula tu kile alichoona kinamenywa mbele yake, ndizi au yai. Jumanne jirani alijaribu kumpa. Mzee alimtazama jirani, akatazama jikoni dawa zilikotoka, akafumba. Jumatano daktari wa zahanati alikuja, akapima, akamvuta bibi pembeni.

"Akikaa hivi wiki nzima, mama, kiharusi cha pili hakitamwachia hata huo mkono."

Basi akapiga magoti mbele ya kiti. Hakuwa mtu wa kupiga magoti.

"Unataka nani akupe? Niambie. Mtu yeyote, nitamleta."

Mzee akainua mkono wa kushoto, akauzungusha hewani, duara, duara, duara.

Safari hii alimtafsiri sawasawa.

Alimkuta Zege Alhamisi kwenye jengo la ghorofa linaloinuka karibu na soko. Mlinzi alimuuliza anamtafuta nani, na hakuwa na jina lingine la kutaja. "Fundi Zege." Ndani mashine ilikuwa inanguruma, wanaume wasiopungua kumi na watano wako juu ya majukwaa na chini na makarai. Zege alimwona, akaweka mkono sikioni. Bibi alisema, hakusikika. Akasema tena kwa sauti ya juu. Zege akamwashiria mwenzake, na mashine ikazimwa ghafla, kimya, na wote wakageuka kumtazama.

"Mzee hataki dawa kwangu," akasema. "Anakutaka wewe. Nakuomba upite asubuhi, umpe."

"Kwa nini hataki kwako, bibi?"

Hakuuliza kwa ubaya, mtu yeyote angeuliza. Bibi Kipimo alizitazama nyuso zile zenye vumbi, akatambua mbili tatu za dirishani. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini jengo tupu huvumisha sauti.

"Nilimuua paka wake kwa dawa. Daktari aliponiuliza, nikakataa. Mzee alitaka kusema, nikamshika mkono."

Mtu mmoja juu ya jukwaa akacheka. Mwingine akafuata. "Na huyu sasa tumwite nani?" akauliza wa tatu, na hapo kicheko kikashuka ghorofa kwa ghorofa mpaka chini kwenye makarai. Alisimama katikati yake na mkoba wake, mgongo umenyooka, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kusimama. Zege hakucheka. Alisubiri kiishe.

"Kesho saa kumi na mbili na nusu nitapita," akasema, akaashiria mashine iwashwe.

Alipita. Alinawa mikono bombani mpaka saruji ikatoka kwenye kucha. Bibi alimletea vidonge kwenye kisahani, viwili, vimepangwa. Mzee aliona mkono uliobeba kisahani, akafumba mdomo. Zege akakitazama kisahani, akamtazama mzee, akaelewa.

"Niachie pakiti zenyewe, bibi. Nitavitoa mimi. Na usiguse glasi."

Akaziacha. Akataka kumwambia kipimo, kimoja cha hiki, kimoja cha kile, baada ya chakula. Zege akasema kimeandikwa, anajua kusoma.

Ndivyo wanavyoishi sasa. Kila asubuhi, kabla ya kazi, mwashi anakuja na kukaa mbele ya fundi saa, wanaongea kwa mikono mambo yao, wakati mwingine mzee anacheka kile kicheko chake cha upande mmoja. Bibi Kipimo anakaa jikoni nyuma ya pazia, mikono mapajani, anasikiliza mlio wa kidonge kikitoka kwenye karatasi yake. Kimoja. Cha pili. Akidhani tayari, anainuka.

"Usiingie kwanza, bibi," Zege anasema. "Hajameza."